Makato yanayosubiri nyongeza: kisa cha wafanyakazi 315 na akiba yao ya uzeeni

Mwaka 1998 kampuni moja ya viwanda nchini Marekani, ya ukubwa wa kati, ilikuwa na wafanyakazi 315 waliostahili kuchangia mpango wa akiba ya uzeeni wa aina ya 401(k). Kwa wastani waliweka asilimia 4.4 ya mshahara. Waliolipwa kidogo waliweka kidogo zaidi, na jambo hilo liliwagusa hata mameneja. Sheria ya kodi ya Marekani hupima kama mpango wa akiba unawanufaisha wenye mishahara minono kupita kiasi, na wafanyakazi wa chini wakichangia kidogo, wakubwa nao huwekewa ukomo kwenye michango yao yenye nafuu ya kodi. Menejimenti ilikuwa na sababu yake yenyewe ya kutaka watu wa kawaida waongeze akiba. Afisa utumishi anayetaka kuiga kisa hiki alitilie hilo maanani: miradi ya kubadili tabia kazini huenda mbali pale ambapo walio juu nao wanaonja faida yake.

Kampuni ilimwajiri mshauri wa fedha akae na wafanyakazi mmoja mmoja. Watu 286 walikubali kuonana naye, 29 wakakataa. Alikuwa na programu ya kompyuta inayokokotoa kiasi ambacho mtu angepaswa kuweka ili uzeeni asishuke sana kimaisha. Kwa wengi, kiasi hicho kilikuwa mbali mno na walichokuwa wakiweka. Kwa hiyo mshauri alipima kwanza utayari wa aliyeketi mbele yake, na kwa mwenye kusitasita alishusha pendekezo hadi nyongeza isiyozidi pointi 5 za asilimia, kuanzia sasa.

Waliokubali ushauri huo walikuwa 79. Waliobaki, watu 207, walisema hawawezi.

Watu hao walikuwa wameelezwa kila kitu. Walikuwa na mtaalamu mbele yao, hesabu zao wenyewe kwenye karatasi na muda wa kuuliza maswali, na wengi wa watu wa aina hii ukiwauliza watakuambia kwamba wanajua wanapaswa kuweka zaidi. Taasisi nyingi zikifika hapa huongeza semina nyingine ya elimu ya fedha. Wachumi wawili, Richard Thaler wa Chuo Kikuu cha Chicago na Shlomo Benartzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), walikuwa wameandaa njia tofauti kwa watu wa namna hii hasa.

Kikwazo kilikuwa wapi

Tuchukue mfano wa hesabu kwa shilingi za Kenya. Mfanyakazi analipwa 40,000 kwa mwezi na anaweka asilimia 3.5, yaani 1,400. Tukiacha makato mengine, anabaki na 38,600. Ukimshauri aongeze pointi 5 leo, akiba inakuwa 3,400 naye anabaki na 36,600. Mwezi ujao mfuko wake umepungua kwa 2,000, na kodi ya nyumba, ada na nauli hazijapungua hata senti.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumia zaidi kwa kupoteza kiasi fulani kuliko anavyofurahi kwa kupata kiasi hicho hicho. Mtu hupima hasara kuanzia pale alipozoea, na alipozoea mfanyakazi huyu ni 38,600. Juu ya hapo kuna udhaifu wa pili: dhabihu ya leo hutuonekea nzito na ile ya mwakani nyepesi, hata kama ni ileile. La tatu ni uzito wa kuondoka pale ulipo. Mtu akishajaza fomu ya makato mara moja, fomu hiyo huishi miaka, kwa sababu kuibadilisha kunadai asubuhi moja ya kwenda kwenye ofisi ya utumishi, na asubuhi hiyo haifiki.

Thaler na Benartzi hawakujaribu kuwaponya watu udhaifu huo. Waliupanga mpango wao ufanye kazi pamoja nao. Waliuita Save More Tomorrow, yaani Weka Akiba Zaidi Kesho, na ulikuwa na sehemu nne:

1. Mfanyakazi anaombwa kujiunga mapema, kabla nyongeza ya mshahara haijafika. Anaamua juu ya fedha ambazo hajazishika bado.
2. Makato yanapanda kwenye mshahara wa kwanza kabisa wenye nyongeza. Hakuna mwezi hata mmoja wa kuizoea nyongeza nzima.
3. Makato yanaendelea kupanda kwa kila nyongeza inayofuata hadi kufikia ukomo uliowekwa, bila mtu kuulizwa tena.
4. Anayetaka kutoka anatoka wakati wowote.

Katika kampuni hii kila ngazi ilikuwa pointi 3, na nyongeza za mwaka zilikuwa kati ya asilimia 3.25 na 3.5. Uwiano huo ndio uti wa mgongo wa mpango wote. Rudi kwa mfanyakazi wetu wa 40,000. Nyongeza ya asilimia 3.5 inampandisha hadi 41,400. Akiba inapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 6.5, yaani 2,691, naye anabaki na 38,709. Anaweka karibu mara mbili ya zamani na mkononi ana shilingi 109 zaidi. Mwaka wa pili mshahara unakuwa 42,849, akiba asilimia 9.5, na kinachobaki ni takriban 38,778. Hati ya mshahara haijawahi kuonyesha kushuka.

Kati ya 207 waliokataa pendekezo la kwanza, 162 walijiunga na mpango huu. Hiyo ni asilimia 78 ya watu ambao muda mfupi kabla walikuwa wamesema hawawezi kuongeza kama mshauri alivyopendekeza.

Miezi 40 baadaye

Wastani wa kiwango cha akiba, kwa asilimia ya mshahara, ulikwenda hivi:

| Kundi | Mwanzo | Nyongeza ya 1 | Ya 2 | Ya 3 | Ya 4 |
|---|---|---|---|---|---|
| Waliokataa kumwona mshauri (29) | 6.6 | 6.5 | 6.8 | 6.6 | 6.2 |
| Waliokubali ushauri mara moja (79) | 4.4 | 9.1 | 8.9 | 8.7 | 8.8 |
| Waliojiunga na mpango wa ngazi (162) | 3.5 | 6.5 | 9.4 | 11.6 | 13.6 |
| Waliokataa vyote viwili (45) | 6.1 | 6.3 | 6.2 | 6.1 | 5.9 |
| Wote | 4.4 | 7.1 | 8.6 | 9.8 | 10.6 |

Wasomaji wengi hukimbilia 13.6, na ni haki yao, lakini mstari wa pili una mafunzo zaidi. Wale 79 ndio wangeitwa wafanyakazi wenye nidhamu: walisikiliza, wakakubali kuumia, wakapanda karibu pointi 5 kwa siku moja. Kisha kwa miaka mitatu hawakusogea. Wakashuka kidogo hata. Hakuna aliyewakataza kuongeza, na mishahara yao ilipanda kama ya wengine. Walichokosa ni kitu cha kuwaamulia ngazi ya pili. Fomu waliyojaza iliwafikisha asilimia 9 ikawaacha hapo, kama fomu ya zamani ilivyowaacha kwenye 4.4. Waliosema hawawezi waliwapita ilipofika nyongeza ya pili.

Mstari wa tatu nao usomwe kwa makini. Kama kila mmoja wa wale 162 angebaki kwenye ngazi zote nne, wastani ungekuwa 3.5 jumlisha 12, yaani 15.5. Umefika 13.6. Pengo hilo linatokana kwa sehemu kubwa na wale waliosimamisha ngazi njiani: asilimia 80 walibaki hadi nyongeza ya nne, wengine wakajitoa. Namna walivyojitoa inastahili kuangaliwa. Hawakurudi kwenye kiwango chao cha zamani. Waliomba tu makato yasipande zaidi. Hata aliyejitoa aliondoka akiwa na akiba kubwa kuliko alivyoingia.

Kuna kasoro ya kisayansi. Wafanyakazi hawakugawanywa kwa kura. Kila mmoja alijichagulia kundi, na waliokataa kila kitu walikuwa tayari wakiweka zaidi ya asilimia 6, kwa hiyo huenda walikuwa watu wa aina nyingine kabisa. Watafiti walilitambua hilo, na baadaye wakafanya jaribio katika kampuni ya Philips Electronics, ambako sehemu chache za kampuni zilipewa mpango na nyingine zikabaki kama kundi la kulinganishia. Athari ilionekana huko pia. Matokeo yote yalichapishwa mwaka 2004.

Jaribio jingine, katika kampuni ya chuma ya Ispat Inland, linafundisha kwa upande wa pili. Huko hakukuwa na mshauri wa kukaa na mtu; wafanyakazi walitumiwa barua. Waliojiunga walikuwa sehemu ndogo tu ikilinganishwa na asilimia 78 ya kisa cha kwanza. Mpango ulikuwa wa aina ileile, ila mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba. Barua hudai mtu aisome, aielewe, ajaze, arudishe, na kila hatua kati ya hizo humwaga watu.

Tatizo la kuanzia chini

Katika miaka hiyohiyo njia ya pili ilikuwa ikienea: kumwandikisha kila mwajiriwa moja kwa moja na kumwachia uhuru wa kujitoa. Mwaka 2001 watafiti Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha uchunguzi wa kampuni iliyofanya hivyo, na ushiriki wa wafanyakazi wapya ukafika asilimia 86. Lakini wengi wao waliganda kwenye asilimia 3 waliyowekewa na mwajiri, wakiichukulia kama ushauri wa mtaalamu, na baadhi walioandikishwa hivyo huenda wangejichagulia kiwango cha juu zaidi kama wangeachwa waamue wenyewe. Kuandikisha moja kwa moja bila ngazi za kupanda kunaweza kumshikilia mtu chini.

Ndiyo maana sheria ya pensheni ya Marekani ya mwaka 2006 iliunganisha mambo mawili, kuandikisha na kupandisha, na sheria ya mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi: mipango mingi mipya lazima, kuanzia 2025, ianze kati ya asilimia 3 na 10 na ipande pointi moja kila mwaka hadi angalau 10. Uingereza ilianza kuandikisha wafanyakazi mwaka 2012 kwa jumla ya asilimia 2, ikapandisha hadi asilimia 5 mwezi Aprili 2018 na asilimia 8 mwezi Aprili 2019.

Anayeuza mpango huu kwa bodi asifiche habari ya upande wa pili. Mwaka 2024 wachumi James Choi, David Laibson, John Beshears na wenzao walionyesha kwamba kwa muda mrefu athari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Katika makampuni waliyochunguza, takriban asilimia 40 tu ya waliowekewa ngazi kama chaguo-msingi, yaani moja kwa moja bila kuichagua wenyewe, ndio waliopanda tarehe ya kwanza ilipofika. Zaidi ya hayo, baadhi walihama kazi kabla akiba haijakomaa, na wanaohama mara nyingi huchukua fedha zao. Tofauti na wale 162 ni kubwa: wale walisema ndiyo kwa mdomo wao, uso kwa uso, baada ya kukataa kitu kigumu zaidi.

Kuupeleka kwenye ofisi ya hapa

Kenya na Tanzania zina michango ya lazima: NSSF ya Kenya hukata asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri ndani ya viwango vya kisheria, na ya Tanzania hufikisha jumla ya asilimia 20. Nafasi ya mpango wa ngazi ni kwenye akiba ya hiari, na mahali pake pa asili ni SACCO ya kazini, kwa kuwa tayari mwajiri hukata mshahara na kupeleka. Mifereji ipo. Kinachokosekana ni fomu yenye mstari mmoja wa ziada.

Mstari huo useme: mfanyakazi anaidhinisha akiba yake ipande kwa pointi kadhaa za asilimia katika kila nyongeza ya mshahara, hadi ukomo fulani, na anaweza kusimamisha kwa ujumbe mmoja kwa ofisi ya utumishi. Uandikwe kwa asilimia. Fomu nyingi za SACCO huandikwa kwa shilingi kamili, mathalani 2,000 kwa mwezi, na shilingi kamili haipandi mshahara unapopanda. Miaka sita baadaye mtu bado anaweka 2,000 ileile.

Ukubwa wa ngazi uwe mdogo kuliko nyongeza yenyewe, baada ya kodi. Makato ya SACCO hutolewa kwenye mshahara uliokwisha kukatwa kodi, tofauti na michango ya 401(k) katika kisa hiki, iliyokatwa kabla ya kodi. Kwa mfanyakazi ambaye nyongeza yake ya asilimia 5 inamfikia mkononi kama 3.5, ngazi ya pointi 3 inabana, 1.5 au 2 ni salama zaidi. Tena pale bei za unga, mafuta na nauli zinapanda kuliko nyongeza, hati ya mshahara itaonyesha mtu hajapungukiwa ilhali kikapu chake sokoni kimepungua. Mwaka wa namna hiyo ni haki kuiacha ngazi ipite, na kanuni iandikwe mapema kwamba nyongeza ikiwa chini ya kiwango fulani, makato hayapandi.

Kosa linaloua mpango haraka zaidi hutokea kwa mhasibu wa mishahara. Nyongeza inaingia Julai, lakini fomu za SACCO zinashughulikiwa Septemba. Kwa mfanyakazi wetu wa 40,000, Julai na Agosti atapokea 39,951, kisha Septemba ashuke hadi 38,709. Ghafla amepoteza 1,242. Hasara ambayo mpango mzima ulibuniwa kuiondoa imerudishwa kwa kuchelewa kwa karatasi, na siku hiyohiyo watu watapanga foleni ya kujitoa. Kwa hiyo mabadiliko mawili, ya mshahara na ya makato, yaingizwe kwenye mfumo kwa pamoja na mtu yuleyule, na orodha ihakikiwe kabla ya malipo kutoka. Nyongeza zinazolipwa kwa malimbikizo zina hatari ileile: amueni mapema kama malimbikizo nayo yanakatwa, na mwambieni mfanyakazi kabla hayajaingia.

Nchini Kenya kuna kizuizi cha kisheria pia. Jumla ya makato haiwezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye mikopo mingi anaweza kugonga ukomo huo katikati ya ngazi, na mfumo ukakataa makato yote ya mwezi, pamoja na marejesho ya mkopo. Mchujeni kabla ya kumwandikisha. Yule ambaye mshahara wake unaliwa na mikopo ya simu yenye riba kubwa haifai kumpandishia akiba hata kidogo. Kila shilingi yake ya ziada ina kazi bora ya kulipa deni hilo kwanza.

Sehemu nyingi za kazi hazina nyongeza ya uhakika kila mwaka. Kuna tukio jingine linalofanya kazi ileile: mwisho wa mkopo wa SACCO. Mtu aliyekatwa 6,000 kila mwezi kwa miaka mitatu amezoea kuishi bila hiyo 6,000. Siku anapochukua mkopo, fomu imwombe aidhinishe kwamba marejesho yakiisha, nusu ya kiasi hicho, yaani 3,000, ihamie kwenye akiba. Mwezi wa kwanza bila mkopo atapata 3,000 zaidi mkononi na 3,000 zaidi kwenye akiba. Saini ichukuliwe mwanzoni mwa mkopo, kwa sababu mwezi wa mwisho fedha hiyo huwa imeshapangiwa matumizi kichwani.

Kuhusu uandikishaji, ofisi yenye watu 50 haina udhuru wa kutuma barua pepe. Wawekeni watu dakika kumi na mtu wanayemwamini, miezi miwili au mitatu kabla ya nyongeza, hesabu yao ikiwa imekokotolewa: unabaki na kiasi gani leo, utabaki na kiasi gani baada ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anzeni na pendekezo kubwa la leo kwa yule anayeweza, na ngazi kwa asiyeweza. Na mlango wa kujitoa uwe mwepesi kweli. Ukiufanya mgumu, taarifa zitasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya mwisho wa mwezi, na wale ambao bado hawajajiunga hawatajiunga.

Katika kupima, msiridhike na idadi ya waliojiunga. Andikeni kiwango cha akiba cha kila mmoja kabla ya kuanza, kisha baada ya kila nyongeza, mkiwatenganisha waliobaki kwenye ngazi, waliosimamisha na walioacha kazi. Hesabuni pia waliotoa akiba na walioongeza mikopo mipya, kwa maana SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na mtu anaweza kuweka zaidi ili tu akope zaidi. Jedwali likionyesha akiba imepanda kwa pointi 4 na mikopo imepanda kuliko hapo, badilisheni muundo kwa kufungua akaunti ya pili isiyohesabiwa kwenye kiwango cha mkopo, na ngazi zielekezwe huko.

Anayeacha kazi naye apangiwe. Siku ya kukabidhi vifaa, kabla hajalipwa stahiki zake, apewe fomu ya kuhamishia akiba yake kwa mwajiri mpya, kwa SACCO nyingine au kwenye mfuko wa pensheni wa hiari, ikiwa imejazwa tayari na kubakiza saini tu. Malipo ya fedha taslimu yawepo, lakini yawe ndiyo njia inayohitaji kuombwa.